Tone la Mama Halikushikana

Nilimwambia mama yangu, mbele ya watu kumi na wanne na sinia tatu za pilau, kwamba hakuzaliwa na mama yake. Nilisema kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, kijiko mkononi kama maikrofoni: "Mabibi na mabwana, maabara imetoa jibu! Huyu mama wa Niboye si wa nyumba hii! Arudishwe alikookotwa!"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisema kitu kidogo kuliko hicho. Sijafanikiwa. Nilisema hivyo hivyo, na watoto wa mjomba walipiga makofi.

Ilikuwa Idi, saa nane mchana, mtaa wa Biryogo, kwa bibi mzaa mama. Bibi ni fundi cherehani. Nyumba yake ina vyumba vitatu na uani mdogo, na nyuma kuna lango la mabati linalotazama njia ya kwenda bomba la zamani la maji. Mama ni mtoto wake wa mwisho. Wa kwanza ni mjomba, mtu mkubwa kama kabati, anayewajengea watu nyumba huko Kinyinya. Ya kwake amekwisha kuijenga, na chumba cha bibi ndani yake kimepakwa rangi tangu mwaka juzi, hakuna aliyekilalia. Bibi akiulizwa atahamia lini, husema, "Nikimaliza hii gauni." Gauni za bibi haziishi. Nusu yake zinatoka kwa mama, anayeuza vitenge kwetu, mtaa wa Niboye: mteja anachagua kitambaa kwa mama, anapimwa pale pale, kisha kitambaa kinapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kwenda kushonwa Biryogo. Ndivyo wanavyoishi hawa wawili, kwa simu tano kila siku, na zote ni ugomvi wa shingo na mikono ya gauni.

Mimi nina miaka kumi na mitano, niko S3, kidato cha tatu, na darasani naitwa kwa majina ambayo sitayaandika.

Sasa, damu. Mwalimu wetu wa biolojia ni mtu mwembamba anayeongea kama mtu anayevuka barabara, anatazama kushoto na kulia kabla ya kila neno. Alitufundisha kwamba chembe nyekundu ya damu si laini kama tulivyokuwa tunaichora. Juu yake imeota minyororo midogo ya sukari, mingi, kama nywele. Si sukari ya chai, lakini ni sukari. Kila mtu ana mnyororo wa msingi. Halafu kuna jeni moja tunayorithi, nakala moja kwa baba na moja kwa mama, ambayo kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya, na kimeng'enya hicho nacho kazi yake ni moja tu: kubandika punje ya sukari kwenye ncha ya mnyororo. Ukirithi jeni ya A, unabandikiwa punje ya aina moja. Ukirithi B, aina nyingine. Ukirithi zote mbili, unazo zote, wewe ni AB. Na kuna jeni iliyoharibika, ambayo kimeng'enya chake hakiwezi kubandika chochote. Ukiipata pande zote mbili, minyororo yako inabaki na ncha tupu. Hiyo ndiyo O.

"Kwa hiyo mtu wa O alisahauliwa sukari," nikasema.

"Wewe ulisahauliwa vingi," mwalimu akajibu, na darasa likanicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Tulipima. Tone la damu kwenye kigae cheupe, tone la dawa ya bluu pembeni yake, tone la dawa ya njano kwa jingine, unakoroga kwa kijiti. Damu ikishikana madonge kwenye bluu, wewe una A. Ikishikana kwenye njano, una B. Yangu haikushikana popote. Mwalimu akaandika ubaoni nani anaweza kumzaa nani, na mstari wa mwisho ulikuwa: AB hazai O. Inaeleweka, mtu wa AB hana nakala tupu ya kumpa mtoto. Kisha akaongeza maelezo marefu yaliyoanza na neno "isipokuwa". Hayo sikuyasikia. Nilikuwa namchora shingo kwenye daftari la jirani.

Kwa sababu ya hiyo shingo nilibakizwa kuosha vigae. Vichupa viwili vya dawa vilikuwa na kitu kidogo chini, na kulikuwa na sindano mpya za kuchoma kidole ndani ya pakiti zao. Nikaviweka kwenye bahasha ya kaki, bahasha kwenye soksi, soksi kwenye begi. Najua. Ni wizi. Muhula huu wote nimesafisha maabara, na bado nasafisha.

Siku ya Idi nikavaa kanzu, nikafunga kitambaa cha jikoni kichwani, nikatangaza kwamba damu itamtaja aliyekula sambusa kabla watu hawajarudi kutoka msikitini. Nikachukua visahani vyeupe vya bibi, vile vya wageni. Watoto wakapanga foleni. Mjomba, kabati zima lile, alifumba macho na kumshika mke wake mkono nilipomchoma.

"Mjomba, ulishika saruji miaka yote hiyo, unaogopa sindano?"

"Saruji hainichungulii ndani, wewe mtoto. Fanya haraka."

Mjomba akatoka A. Bibi alijichoma mwenyewe kwa sindano niliyompa, fundi huyo, hata hakukunja uso. Damu yake ikashikana kwenye bluu, ikashikana kwenye njano, madonge kama maziwa yaliyochachuka.

"AB! Bibi umechukua zote!"

"Alhamdulillahi, sikunyimwa," bibi akasema, akacheka mpaka meno yake ya pembeni yakaonekana.

Mama alitoka jikoni na mikono yenye maji. "Haya, nichome, pilau inapoa." Mama alinizaa mdogo, watu wengi hudhani ni dada yangu, na akinyoosha kidole kwa haraka namna ile hata mimi husahau. Nikaweka matone mawili. Nikakoroga. Bluu, kimya. Njano, kimya. Nikatikisa kisahani. Damu ikabaki nyekundu, laini, kama haikusikia inaitwa. Nikarudia kwa kisahani kingine. Hivyo hivyo.

Kulikuwa na nafasi pale, fupi, lakini ilikuwepo. Ningeweza kusema, "Mama ni O, kama mimi," na watu wakala. Ubao wa mwalimu ulikuwa kichwani mwangu mzima mzima, mstari wa mwisho unang'aa. Nikaona ni mzaha mzuri. Kweli, hicho tu ndicho nilichoona. Nikachukua kijiko.

Mliosoma mwanzo mnajua nilivyosema. Kilichofuata ndicho kinachonifuata mpaka leo. Bibi hakusema "mjinga wewe". Hakunirushia kandambili, na bibi hurusha kandambili kwa makosa madogo zaidi. Alimtazama mjomba, akauliza polepole:

"Nani amemwambia?"

Na mjomba akasema, "Si mimi, mama. Wallahi si mimi."

Basi. Kipimo changu kilikuwa cha kwenye soksi. Hayo maneno mawili hayakuwa ya kwenye soksi. Watoto walikuwa bado wanapiga makofi, mkubwa wao akaacha, wengine wakaacha mmoja mmoja.

"Amwambie nini?" mama akauliza. "Kaka. Amwambie nini?"

Mjomba akainuka, akaenda kuangalia matairi ya gari.

Mama alipakua. Hilo ndilo alilofanya. Alizunguka na sinia, akampakulia kila mtu, wageni kwanza, bibi wa pili, nyama sawa sawa, hakumwaga hata punje. Kisha akavuta mtandio, akaniambia, "Twende." Langoni bibi alitukimbilia na bakuli la bluu limejaa pilau, limefunikwa sahani. Baba yangu ni dereva wa lori la Dar, na bibi kila sikukuu humwekea chakula hata akiwa hayupo. Mama hakunyoosha mkono. Nikalipokea mimi. Tukapanda moto mbili, ya mama ikiwa mbele, na njia yote niliona helmeti yake haigeuki, hata kwenye mataa.

Nyumbani sikupigwa. Nilisubiri kupigwa siku mbili. Ningependa mama angenipiga.

Simu ilikuwa inaita, kwenye kioo imeandikwa MAMA, na mama anaitazama mpaka inyamaze. Mara tano kwa siku, saa zile zile za ugomvi wa shingo na mikono. Vitambaa vya wateja vikaanza kurundikana kwenye kiti cha duka, kila kimoja na karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini. Wateja wakauliza. Mama akasema fundi anaumwa. Akasema hivyo akitazama ukuta.

Kilichonitisha si kilio, maana hakulia. Alianza kujitazama. Nilimkuta mbele ya kioo cha duka ameshika ndewe ya sikio lake, anaivuta kidogo, kama anayekagua kitambaa. Nilimkuta ameweka mguu wake sambamba na wangu chini ya meza, anaangalia vidole. Jumanne tulikwenda stendi ya Nyabugogo kuchukua mzigo wa vitenge, na katikati ya zile kelele, wapagazi wanapita na magunia, makondakta wanaita Huye, wanaita Musanze, mama akasimama ghafla. Mwanamke wa makamo alikuwa anauza kabichi, anacheka na mwenzake, mkono umefunika mdomo.

"Unamwona yule? Anacheka kama mimi."

"Mama, anacheka kama mtu yeyote."

"Mtazame vizuri."

Nikamtazama. Na jambo baya ni kwamba baada ya muda nikaanza kuona. Kisha nikaona pia kwa aliyekuwa nyuma yake, na kwa yule wa viazi. Mpagazi akatupigia kelele, "Mama, sogea basi, hapa si pa kutazama picha!" Tukasogea. Tangu siku hiyo na mimi siwezi kupita penye watu wengi bila kupekua nyuso.

Hapa kwetu, mtu wa umri wa mama akigundua hakuzaliwa na aliyemlea, swali la pili, wazazi wake wako wapi, haliulizwi. Linajijibu. Kila mtu anajua ule mwaka wa mauaji. Mama alikuwa na miaka miwili ule mwaka. Tulipokuwa tunashusha mzigo alisema, kama anaongea na marobota, "Kila Aprili nakwenda kukaa na waliofiwa. Nawapelekea chai. Nawapa pole. Nawapa pole, halafu narudi nyumbani nalala vizuri." Akabeba robota lake akaingia ndani.

Jumatano nikamfuata mwalimu baada ya masomo, nikamweleza kila kitu, soksi ikiwemo. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Nilisema 'isipokuwa'," akasema. "Uliandika?"

"Sikuandika, mwalimu."

Akachukua chaki. Kumbe kuna jeni nyingine inayotangulia. Hiyo ndiyo inayojenga mnyororo wa msingi wenyewe, ule ambao punje ya A au B inabandikwa juu yake. Wapo watu, wachache mno, ambao jeni hiyo imeharibika pande zote mbili. Hawana msingi. Wanaweza kuwa wamerithi A au B kamili, kimeng'enya kipo na punje zipo, ila pa kubandika hapapo. Ukiwapima kwa vichupa vile vya darasani wataonekana O. Na mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na mama wa AB.

"Kwa hiyo bibi anaweza kuwa amemzaa!"

"Anaweza. Na dawa yako pia ilikaa siku nne kwenye soksi, inaweza kuwa imekufa." Akafuta ubao nusu, akaacha nusu. "Kipimo changu hakijui undugu, mwanangu. Kinajua sukari. Lakini wewe hukuja hapa kwa sababu ya kipimo."

Sikumsikiliza hilo la mwisho. Nilikimbia mpaka dukani. Mama alikuwa anapima kitenge kwa mkono, pua mpaka ncha ya vidole, kama wafanyavyo wote. Nikamwaga habari yote: msingi, punje, nadra, isipokuwa, dawa imekufa, mwalimu mwenyewe kasema. Nilichora mnyororo kwenye karatasi ya vipimo ya mteja. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuacha kupima.

"Na lile la 'nani amemwambia'," akasema, "mwalimu wako anacho kichupa chake?"

Nikakunja karatasi.

Alhamisi tulitoka shule mapema. Nilikuta mama ameliosha lile bakuli la bluu, amelifuta, limekaa mezani likiwa kavu.

"Peleka Biryogo."

"Tuweke nini ndani?"

"Peleka."

Huenda kwenu si kitu. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Unaweka chochote, ndizi mbili, kitunguu, sukari kwenye karatasi, hata chumvi. Nikiwa mdogo nilirudishwa kutoka mlangoni mwa jirani na mama huyu huyu, kwa kofi, kwa sababu nilirudisha sahani bila kitu. Ukirudisha tupu umesema: tumemalizana. Njiani nikasimama kwa muuza mboga. Nilishika vitunguu viwili. Nikaviona vizuri ndani ya bakuli, nikamwona bibi anafurahi, nikajua nitakuwa nimefanya mzaha mwingine. Nikavirudisha.

Bibi alifungua mlango, akalitazama bakuli. Akaliinamisha kidogo kuelekea kwenye mwanga, kama kwamba huenda kitu kimeganda chini. Akaliweka juu ya cherehani.

"Kaa," akasema.

Nikakaa kwenye mkeka. Nilikuwa tayari na maneno ya kuomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga njiani, moja lilikuwa la kuchekesha. Hakuniachia nafasi.

"Nilizaa mtoto wa kike baada ya mjomba wako," akasema. "Huyo alizaliwa na mimi. Jina la mama yako ni jina lake. Siku ya kuzaliwa ya mama yako, keki mnayokula, ni siku yake. Ule mwaka alishikwa na homa. Duka la dawa lilikuwa pale tu, unapaona, lakini ilikuwa huwezi kufika pale. Siku ya sita akatulia. Babu yako akamzika uani, pale penye mlimau."

Pale penye mlimau hatujawahi kuruhusiwa kucheza mpira. Nilidhani ni kwa ajili ya malimau.

"Siku tisa baadaye, asubuhi, mtu akagonga lango la nyuma. Mwanamke, simjui. Ana mtoto mkononi na dumu la maji. Akaniambia, 'Nishikie kidogo, naenda kuchota maji.' Kama unavyomwambia jirani. Nikamshika. Ningemkataliaje? Mikono yangu ilikuwa imezoea uzito huo huo." Akanyoosha mikono, akaitazama. "Akaenda njia ya bomba. Nikasimama langoni. Dumu lake lilikuwa la njano. Nikasimama mpaka adhuhuri."

"Hakurudi?"

"Mpaka leo hajarudi."

Cherehani yake ina sindano iliyobaki juu ya kitambaa, mguu umeinuliwa. Nilikuwa naitazama hiyo sindano.

"Wakaja watu kuuliza, huyu mtoto wa nani? Nikawatolea kadi ya kliniki. Jina hili, umri huu, wakaangalia kadi, wakaangalia mtoto, wakaenda. Kadi ya yule wa uani ndiyo iliyomwokoa. Mjomba wako alikuwa na miaka minane, nikamwapisha asimwambie mtu. Mama yako mwezi mzima alikuwa hageuki ukimwita. Unaita jina, yeye anatazama nyuma yake aone anayeitwa."

"Bibi, kwa nini hukumwambia? Miaka yote hii?"

Nilidhani atasema aliogopa, au alimhurumia. Alifikiri kwanza.

"Aliniambia nimshikie. Alisema anarudi. Nikikaa na mtoto nikamwambia, sikia, mama yako alikuwa mwingine, basi nimekubali kwamba hatarudi. Mimi nimemuua kwa mdomo wangu. Niliweza kila kitu, hilo sikuliweza." Akapangusa cherehani kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Mjomba wako amenijengea chumba Kinyinya. Ananiuliza kila wiki. Akija yule, atagonga wapi? Anajua lango hili tu."

Mimi ni mtu wa kujibu. Mwalimu wa Kiswahili aliandika kwenye ripoti yangu kwamba nina jibu kwa kila kitu na nyingi hazihitajiki. Pale nikageukia uani tu. Kupitia mlango wa uani nililiona lango la mabati, limefungwa kwa waya tu, bila kufuli. Nikajua kwa nini halijawahi kuwa na kufuli. Ilikuwa mchana kweupe, watoto wa jirani wanapiga kelele nje.

"Mimi nikimpigia hapokei," bibi akasema. "Mwambie wewe. Ulianza wewe, maliza wewe. Usiongeze kitu."

Hakunirudishia bakuli.

Nilimkuta mama dukani nyuma, amekaa kwenye robota, hakuna mteja. Nikamwambia. Nina sifa ya kumwiga bibi, watu wa Biryogo huniita nimwige kwenye harusi, sauti, mabega, kila kitu. Nilisema yote kwa sauti yangu mwenyewe, nikitazama sakafu. Homa. Mlimau. Siku tisa. Dumu la njano. Kadi. Mtoto anayetazama nyuma yake. Lango. Nilipofika kwenye "nimemuua kwa mdomo wangu" nilinyanyua macho kidogo, nikaona mama ameshika kitambaa cha mteja na pini imemchoma kidole na hajui. Kulikuwa na tone. Nikaendelea hadi mwisho.

Nikamaliza. Nje moto zilipita, nyingi. Akaniuliza swali la muuza vitambaa:

"Alivaa nini?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Alivaa nguo gani?"

Sikujua. Bibi hakusema, na mimi, bingwa wa maswali, sikuuliza.

"Hukuuliza," mama akasema.

"Sikuuliza."

Akakunja kitambaa cha mteja mara mbili, akakiweka juu ya vingine, akavichukua vyote kutoka kwenye kiti, rundo zima na karatasi zake, akanipakia mikononi mpaka kidevuni. Ndipo akasema, na nayaandika kama yalivyotoka, sijaongeza kitu:

"Asubuhi ya Idi nilikuwa na mama mmoja. Sasa nina wawili, na mtoto wa watu ambaye nimevaa jina lake maisha yangu yote na sijamwombea dua hata siku moja. Funga duka. Nakwenda kumuuliza mama alivaa nini yule aliyekwenda kuchota maji. Na wewe utanyamaza njia nzima, na kule pia utanyamaza, mpaka mimi mwenyewe nicheke kwanza."